Maswali ya Wasomaji: Picha ya Mwenzake Katika Simu ya Mwanangu

Mwezi huu barua nyingi zimeshika njia moja. Wazazi, walimu na hata watoto wenyewe wanaandika juu ya simu, picha za faragha na mambo ya ngono ambayo vijana wanayatazama, wanayatumiana au wanayafanyia mzaha mtandaoni, na karibu kila anayeandika anamaliza kwa kuomba jina lake lisitajwe. Nimechagua barua tano za hapa Lubumbashi, nimezifupisha, na nimebadili mambo madogo madogo ili pasiwe na mtoto atakayetambuliwa na jirani yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya yale ambayo wengine wanayauliza.

Jambo, Mama Mshauri. Mimi ni mjane, ninauza makala, yaani mkaa, na unga hapa Katuba. Mwanangu ana miaka 14, yuko mwaka wa nane. Jumapili usiku simu yake ilikuwa inalia bila kukoma, nikaichukua ili niizime, nikaona kikundi cha watoto wa darasa lake. Ndani yake mlikuwa na picha ya faragha ya msichana mwenzao, na chini yake vicheko. Aliyeituma ni mwanangu, tangu Jumamosi jioni. Anasema naye alitumiwa na rafiki. Kaka yangu anataka kumchapa mbele ya ukoo, anasema samaki mkunje angali mbichi. Pasta anataka tufunge siku tatu. Mimi nataka kuvunja laini ya simu na kunyamaza. Nani ana haki?

Mama, ujumbe wako uliponifikia Jumatatu asubuhi nilikupigia kabla sijamaliza chai, kwa sababu katika jambo kama hili saa zina thamani. WhatsApp inampa aliyetuma ujumbe muda wa zaidi kidogo ya siku mbili kuufuta kwa wote, na tangu mwaka 2022 msimamizi wa kikundi naye anaweza kuufuta kwa wote ujumbe uliotumwa na mtu mwingine. Picha iliyotumwa Jumamosi jioni ilikuwa bado inafutika kwa mkono wa mwanao, na kama ungeivunja laini usiku ule kwa hasira, ungekuwa umeuvunja mkono huo. Ni kweli kwamba kufuta kwa wote hakuigusi picha ambayo mtu amekwisha kuihifadhi mahali pengine; lakini kati ya picha iliyobaki katika simu mbili na picha iliyobaki katika simu thelathini kuna tofauti ambayo msichana yule ataiona kila asubuhi akiingia darasani.

Naomba unisamehe kwa neno hili: katika barua yako watu wazima watatu wanavutana juu ya kijana, na hakuna hata mmoja aliyemtaja binti. Yeye ndiye wa kuanza naye. Nenda kwa mama yake au kwa mwanamke mzima ambaye binti anamwamini, nenda siku hiyohiyo, usimpeleke mwanao katika safari ya kwanza na usiichukue ile simu ili kuwaonyesha. Waeleze kilichotokea, jina la kikundi, saa picha ilipotumwa na kilichokwisha kufutwa. Waambie pia kwamba kuna huduma ya bure inayoitwa Take It Down, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2023 kwa ajili ya walio chini ya miaka 18: simu ya binti mwenyewe inaitengenezea picha alama ya tarakimu, kama alama ya kidole, kisha alama hiyo peke yake, bila picha na bila jina la mtu, inapelekwa kwa mitandao iliyokubali kushiriki, kama vile Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikionekana huko iondolewe. Huduma hiyo haiingii ndani ya mazungumzo yaliyofungwa ya WhatsApp, ndiyo maana kule kufuta kwa haraka hakuna mbadala wake. Na kwa kuwa alama inatengenezwa kutokana na picha yenyewe, ni vizuri binti apate nafasi ya kufanya hivyo kabla hajaifuta nakala yake.

Usimtumie mtu yeyote picha ile kama ushahidi, awe mwalimu, awe mjomba, awe polisi, wala usije ukanitumia mimi. Kila anayeituma anaisambaza, hata kama nia yake ni njema. Andika kwenye karatasi majina ya waliokuwamo, tarehe na saa. Karatasi hiyo inatosha kwa kuanzia.

Sasa kijana. Nimesikiliza wazazi wengi, nami nimejifunza kwamba mambo yote yaliyobaki hutegemea dakika kumi za mwanzo. Mtoto akiulizwa «kwa nini umeniletea aibu», atajibu juu ya aibu, yaani atatafuta njia ya kuificha. Akiulizwa «nani alikutumia, alikuambia ufanye nini nayo, na je, kuna mtu mwenye picha zako wewe», ataanza kusimulia. Swali la mwisho usiliache, kwa kuwa wavulana wengine wanasambaza picha za wenzao wakiwa wao wenyewe wameshikwa kooni na mtu anayewatishia. Mwulize mkiwa mnafanya kazi fulani bega kwa bega, mnapofunga mifuko ya makala kwa mfano, kwa maana kijana wa miaka 14 husema mengi zaidi asipotazamwa usoni. Akimaliza, mwambie wazi kosa lake ni nini: si kwamba alimwona mwenzake, wala si kwamba mwili wake unakua na unauliza maswali, bali ni kwamba alichukua kitu ambacho si chake, akakigawa kwa watu, akacheka.

Kuhusu kaka yako: methali yake ni nzuri, lakini inasema kukunja, haikusema kuvunja. Kijana akichapwa mbele ya ukoo, ukoo mzima utalijua jina la binti kabla ya jioni, na yeye mwenyewe atajifunza kubadili neno la siri la simu. Kuhusu pasta, sala sina ugomvi nayo. Mfunge na kuomba baada ya kufuta na baada ya kwenda kwa mama wa binti, si kabla.

Mwanao anapaswa kujua sheria inasemaje, bila kutishwa nayo kila siku. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inaadhibu kutengeneza, kusambaza na hata kumiliki picha za ngono za watoto. Sheria hiyohiyo inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa hatia ya jinai, na kwamba kuanzia 14 kesi yake inapelekwa mbele ya mahakama ya watoto, ambayo hakimu wake ana njia nyingi kabla ya kumtenga mtoto na nyumbani kwao: kumkaripia, kumrudisha kwa wazazi, kumweka chini ya uangalizi. Mwanao amefikisha umri huo. Kama wazazi wa binti wataamua kushtaki, hiyo ni haki yao, nawe usiwaendee na bahasha ya faranga ili wanyamaze. Mapatano ya aina hiyo huwapa watu wazima usingizi. Binti hayampi kitu.

Katika wiki zinazofuata, simu ilale chumbani mwako. Mwanao aandike katika kikundi kile, bila kumtaja msichana, kwamba alikosa na kwamba aliye na picha aifute. Asimwombe msichana msamaha uso kwa uso mpaka msichana mwenyewe atakapotaka, kwani msamaha unaolazimishwa humrudisha mwenye jeraha mahali alipojeruhiwa. Kisha angalia. Wengi huishia hapo. Lakini akirudia baada ya kuelewa vizuri, akianza kuomba picha kwa vitisho, au akianza kuwaelekea watoto walio wadogo kwake sana, hayo si mambo ya mama kubeba peke yake. Mpeleke kwa mwanasaikolojia.

Mimi ni mkurugenzi wa nidhamu wa shule moja ya sekondari huko Kampemba. Wanafunzi watatu walisambaza picha ya mwenzao. Kamati inataka kuwafukuza wote watatu pamoja na msichana, kwa kuwa yeye ndiye aliyejipiga picha. Wazazi wa shule nzima wanangoja kuona kama tuna msimamo.

Msichana asifukuzwe. Nalisema hilo kwanza ili lisipotee katikati ya maelezo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maelezo yake ya mwaka 2021 juu ya mazingira ya kidijitali, ilizitaka nchi zisimfanye mtoto mhalifu kwa picha aliyojipiga na kuituma kwa hiari yake, kwa matumizi yake ya faragha tu. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990. Msichana alimwamini mtu mmoja. Waliomwuza ni wengine. Mkimwadhibu, kila msichana wa shule yenu ataelewa kwamba siku picha yake itakapotumika kumtishia, mahali pa mwisho pa kwenda ni ofisini kwako.

Wale watatu nao si kitu kimoja. Simon Hackett, msomi wa Uingereza, alipendekeza mwaka 2010 kwamba tabia za kingono za watoto zitazamwe kama mstari mrefu: mwanzoni kuna yale ya kawaida ya umri, kisha yasiyofaa mahali pake, kisha yenye matatizo, kisha ya kumdhulumu mwingine, na mwishoni ya ukatili. Mtu hushughulikiwa kulingana na mahali aliposimama katika mstari huo. Aliyepokea picha akacheka na akanyamaza, aliyeisambaza ili kujionyesha, na aliyemtishia msichana kwamba asipotuma nyingine ataichapisha, hawa hawawezi kupewa adhabu moja kwa barua moja. Wa tatu ananipa wasiwasi wa kweli. Wazazi wake waitwe, msichana awekewe ulinzi ili wasikutane naye njiani wala darasani, naye apelekwe kwa mtaalamu. Na kwa kuwa alitumia vitisho, mamlaka za ulinzi wa mtoto zijulishwe.

Kumfukuza kijana kunahamisha simu yake kwenda shule ya jirani, ambako hakuna anayemjua na hakuna atakayemwangalia. Ninajua kwamba wazazi wanapenda kuona mlango ukifungwa kwa kishindo. Lakini wewe una kipindi cha Éducation à la vie, yaani elimu ya maisha, katika ratiba yako, na ningependa kujua, bila kukuudhi, kipindi hicho kinafundishwa mara ngapi na mara ngapi kinamezwa na marudio ya hesabu.

Neno moja zaidi: naambiwa katika shule nyingine, mambo kama haya yalipotokea, simu ilipitishwa chumba cha walimu kutoka mkono hadi mkono ili kila mmoja «ahakikishe». Usiruhusu.

Bibi wa Kamalondo anaandika: Mjukuu wangu ana miaka 8. Amekutwa akiwaonyesha watoto wa lupango, yaani wa ua wetu, michezo isiyofaa, anasema aliiona kwenye simu ya mjomba wake. Majirani wameanza kusema mtoto ana roho mbaya.

Bibi, mtoto huyo hana roho mbaya. Ana mjomba mzembe. Mtoto wa miaka 8 huigiza alichokiona, kama anavyoigiza mazishi na harusi, na akiona kitu kikubwa kuliko akili yake, ataendelea kukiigiza mpaka mtu mzima amsaidie kukielewa. Mwulize kwa upole aliona nini, mara ngapi, na kama kuna mtu aliyemgusa au aliyemtaka aguse. Swali hili la mwisho lisirukwe, na jibu lake likiwa ndiyo, mpelekeni hospitalini na kwenye ulinzi wa mtoto leo, bila kungoja kikao cha familia. Watoto wale wengine nao waulizwe vivyo hivyo, kwa upole, na wasiachwe peke yao pamoja naye kwa sasa.

Na wanaotamka maneno ya uchawi wajue kwamba sheria ya 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Nikupe habari moja ya kukutuliza. Huko Oklahoma, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 watoto 135 waliokuwa na tabia za namna hii, wenye umri wa miaka 5 hadi 12. Waliopewa mafunzo mafupi ya vikao 12 pamoja na walezi wao, mafunzo ya kanuni za mwili, ya kujizuia na ya kufikiri kabla ya kutenda, ni asilimia 2 tu waliokuja kuhusishwa na makosa ya kingono baadaye. Katika kundi lililopewa tiba ya michezo ilikuwa asilimia 10. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Hata watoto waliokuja kliniki kwa matatizo mengine kabisa walifikia asilimia 3. Vikao 12 tu, bibi, na mlezi akiwa amekaa palepale. Hicho ndicho kipimo cha kazi inayokungoja: kumweleza mtoto kanuni chache kwa maneno mepesi, kuzirudia, kumsimamia anapocheza, na kuinyang'anya familia mazoea ya kumtuliza mtoto kwa simu ya mtu mzima.

Nina miaka 16, naishi Ruashi. Nilianza kuangalia video za watu wazima nikiwa na miaka 12. Sasa katika vikundi fulani ninaletewa vitu ambavyo najua si halali, vya watoto wadogo kuliko mimi, na nimevifungua zaidi ya mara moja. Sijamgusa mtu. Naogopa nafsi yangu. Nikisema, nitapelekwa polisi au nitafungiwa kanisani.

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Umefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawakuliweza, na sitaki ujute.

Sitakuficha ukweli. Unachoonyeshwa katika vikundi hivyo ni mtoto wa kweli, siku ambayo alitendewa uovu, na kila anayefungua anawapa waovu wale sababu ya kuendelea. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, toka katika vikundi hivyo vyote, wafungie njia waliokuingiza, futa, usihifadhi hata kimoja na usimtumie mtu hata kama ni kwa kushtaki. Ingia katika mpangilio wa WhatsApp uzuie watu usiowajua kukuingiza katika vikundi, na uzime upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Kisha jichunguze: ni saa ngapi unafungua, baada ya kitu gani, ukiwa wapi? Wengi wataniambia ni usiku, peke yao, baada ya ugomvi au baada ya siku ndefu ya upweke, mega za intaneti za usiku zikiwa za bei nafuu. Saa hiyo ndiyo ya kuibadilisha kwanza. Simu ikalale kwa yaya yako, yaani kaka au dada yako mkubwa.

Lakini usijiite shetani. Wazo linalokutisha si tendo, na wewe bado unakua. Mtafiti wa Marekani, Michael Caldwell, alikusanya mwaka 2016 tafiti 106 zenye vijana zaidi ya 33,000 waliokuwa wamekwisha kufikishwa mbele ya sheria kwa makosa ya kingono, yaani vijana waliokwenda mbali kuliko wewe, akakuta kwamba waliorudia kosa la aina hiyo hawakufika asilimia 5. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ukishaanza huwezi kuacha, anakudanganya. Huko Berlin, katika hospitali ya Charité, tangu 2005 madaktari wanawapokea kwa siri watu wanaoogopa mawazo yao, bila kungoja kwanza waumize mtu. Uingereza kuna Stop It Now, simu ya msaada iliyofunguliwa mwaka 2002, na shirika lililoianzisha lina ukurasa uitwao Shore kwa ajili ya vijana wa umri wako; umeandikwa kwa Kiingereza, na unaweza kuusoma bila kutaja jina. Sikutajii hayo ili uende ng'ambo. Nataka ujue kwamba vijana wenye barua kama yako ni wengi, hata wamefunguliwa milango yao.

Mlango wako ni mtu mzima mmoja. Si lazima awe baba. Anaweza kuwa shangazi, mwalimu asiyependa kupiga kelele, muuguzi, au mwanasaikolojia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia, na wanaosomea na kufundisha huko wanajua njia za kumpata mtaalamu hapa mjini. Huna haja ya kusema yote siku ya kwanza. Sema hivi: «Kuna mambo ninayaangalia kwenye simu yananitisha, nataka kuacha, nahitaji msaada, na leo sitaeleza yote.» Ukimwambia kwamba kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi, au kwamba unaogopa utamwumiza mmoja, atalazimika kutenda ili mtoto huyo alindwe, na hilo ni haki. Mpaka utakapomwona mtaalamu, usikubali kuachiwa watoto wadogo uwaangalie peke yako. Tafuta udhuru wowote. Kama wa kwanza atakufokea, jaribu wa pili. Na uniandikie tena.

Baba mmoja wa Bel-Air anauliza kwa mistari miwili: Je, nimnyime binti yangu simu hadi atimize miaka 18, na kama sivyo, aianze lini?

Hutaweza, kwa maana hata usipomnunulia, rafiki zake wanazo. WhatsApp yenyewe haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kuifungua peke yake. Usihesabu miaka peke yake. Hesabu pia kama anaweza kukuambia jambo baya bila kuogopa mkono wako. Nchini Uingereza, kamishna wa watoto alitoa taarifa mwaka 2023 kwamba wastani wa umri wa kuiona ponografia kwa mara ya kwanza ni miaka 13, na kwamba mtoto mmoja katika kumi alikuwa ameiona akiwa na miaka 9; mazungumzo basi yaanze kabla ya simu. Siku utakapompa, kaa naye mfungue pamoja mpangilio wa faragha, mkubaliane simu za nyumba zichajiwe sebuleni usiku, na ya kwako iwekwe hapohapo.